Mkonge Uliopita Mikononi mwa Mwaitu

Shuleni, Kajiado
Jumapili, 19 Januari 2025

Mwaitu mpendwa,

Habari za Kitengela, mama? Maji yamerudi kwenye mfereji au bado mnamngoja mwenye punda? Na jirani yetu Mama Sydney, bado anagombana na redio ya wale wa chumba cha tatu? Mimi ni mzima. Kikohozi nilichotoka nacho nyumbani kiliisha wiki ya kwanza, kwa hivyo usinitumie tena kitunguu saumu. Bweni zima lilinuka, na sasa wasichana wananiita Supu.

Nina ombi, na mwalimu wetu wa Kiswahili anasema ombi lisifichwe mwishoni mwa barua. Nahitaji nyuzi za mkonge, fungu la unene wa mkono wako.

Mimi na Whitney Kisemei, yule ninayeketi naye darasani, tunatengeneza vyungu vya miche kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya kaunti. Wazo lilianza na Whitney. Mwaka jana mtamba wa baba yake alikufa, na walipompasua walikuta tumboni mifuko myeusi ya nailoni, ile ya kuoteshea miche, imekazana pamoja kama mpira wa watoto. Mwalimu Ochola wa kemia akatuuliza: je, ingekuwaje kama mfuko wa mche ungeweza kuoza ardhini, mizizi ikapita? Basi tunapika wanga wa muhogo na siki na gliserini kidogo, tunaumimina kati ya makopo mawili, moja ndani ya lingine, kisha tunaanika. Wanga peke yake unavunjika kama biskuti. Ukiuchanganya na nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi, unashika. Nyuzi zinafanya kazi ile ambayo vyuma hufanya ndani ya saruji. Vyungu vinne vya kwanza tulitumia mkonge tuliokwangua mimi na wewe Desemba, nyuma ya ploti. Tulivijaza udongo tukaviangusha kutoka juu ya dawati. Hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Kuna jambo lingine. Bwana Ngui, mwenye kitalu cha miche pale Isinya karibu na kampuni ya maua unakofanya kazi, amemwambia Mwalimu Ochola kwamba vyungu vikifaa, atatafuta akina mama wa kumkwangulia mkonge. Nilisema mama yangu anaweza kuwaongoza. Usinikasirikie. Niliwaza tu kwamba ungetoka kwenye yale mabanda ya maua, ukafanya kazi uliyofundishwa na mama yako, ukiwa umekaa kivulini.

Maonyesho ni tarehe kumi na tano Machi. Mwalimu Ochola anarudi kwake Kitengela kila Jumamosi na kuja shuleni Jumapili jioni. Ataacha barua zangu dukani kwa Mulinge na kuchukua zako hapo hapo.

Bintiyo,
Kalunde


Kitengela
Jumamosi, 1 Februari 2025

Kalunde wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa bado nimesimama kwa mlango wa Mulinge, mpaka akaniuliza kama kuna msiba. Maji bado. Mwenye punda siku hizi anajiona chifu. Mama Sydney anakusalimu na anasema hilo jina la Supu limekufaa.

Mimi niko sawa. Kazi ndiyo nyingi. Si unajua Februari, Ulaya yote inapendana siku moja, na sisi tunakata waridi mpaka giza linaingia.

Mkonge ni huu. Nilikata majani Jumapili kwa ule ua wa nyuma, nikakwangua na kipande cha bati juu ya ubao. Mama Sydney alinipata hapo akasema, "Mama Kalunde, umerudi kwenu Machakos na hujatuaga?" Nikamwambia niko hapa hapa, nakwangua digrii ya mtoto. Alicheka, lakini aliketi akanisaidia kuzisuuza.

Hizo nyuzi nimezichana na kuzilainisha kuliko nilivyowahi kufanya hata kwa kusuka kiondo. Ukizishika zinateleza kama nywele za saluni. Usiwaambie hao majaji zilimea nyuma ya choo.

Juu ya Bwana Ngui sijakasirika. Pale umeandika kukaa kivulini nimerudia kusoma mara mbili. Tangu baba yako atuache sijakaa kivulini bila kuangalia saa. Nimeiweka kwa maombi.

Mwandiko wangu usiucheke. Kalamu nayo siku hizi inateleza. Vaa sweta asubuhi, Kajiado ina upepo.

Mamako,
Kalekye


Shuleni, Kajiado
Jumapili, 16 Februari 2025

Mwaitu,

Natumaini umepata kupumzika sasa kwa kuwa siku ya maua imepita. Mimi ni mzima wa mwili.

Vyungu vimevunjika. Tulitengeneza kumi na viwili kwa zile nyuzi ulizotuma, kwa vipimo vile vile, makopo yale yale, jua lile lile. Ijumaa tulivijaza udongo. Cha kwanza kilipasuka Whitney alipokiinua tu. Cha pili kilifika kiunoni. Kufikia cha saba sikutaka tena kuangalia. Mwalimu Ochola alitwambia tusitupe vipande, tuviangalie vizuri. Kwenye vile vyungu vya Desemba, tulipokivunja kimoja kwa nyundo, nyuzi zilikuwa zimekatika, maana yake wanga ulizishika mpaka mwisho. Kwenye hivi vipya hazikukatika. Zilichomoka nzima nzima, safi, kana kwamba wanga haukuwahi kuzigusa.

Whitney alinusa uzi mmoja akasema, "Supu, huu si mkonge wa mama yako. Huu ni wa duka la kamba." Anasema kamba za viwandani hupakwa mafuta ili zisikwaruze mashine, na kwamba mtu akichoka na kazi anaweza kuifumua kamba ya dukani akaichana vizuri. Nilimwambia mama yangu hawezi. Akasema, "Sijasema ni dhambi. Nasema ni kamba."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Nyuzi hizi kweli ni laini kupita za Desemba. Kama ulichoka, Mwaitu, ungeniambia tu kwamba umechoka. Ningeomba kwa mtu mwingine. Sasa zimebaki wiki nne na hatuna chungu hata kimoja cha kuonyesha ila vile vitatu vya zamani.

Likizo fupi inaanza tarehe ishirini na sita. Nitakuja nyumbani tukwangue mwingine pamoja.

Kalunde


Kitengela
Jumapili, 23 Februari 2025

Kalunde,

Salamu. Niko sawa.

Sikununua kamba. Nilikata, nikakwangua, nikachana. Kama nyuzi ni mbaya ni mbaya, lakini ni zangu.

Likizo fupi usije. Nitakuwa kazini siku zote na nyumba itakuwa tupu. Nimemwomba Mwalimu Ochola azungumze na kina Kisemei wakukaribishe. Huko kuna nafasi, na wewe na mwenzako mtafanya kazi yenu.

Mkonge mwingine sitaweza kwa sasa.

Kula vizuri.

Mamako


Kwa kina Whitney, nje ya Kajiado
Jumapili, 2 Machi 2025

Mwaitu wangu mpendwa,

Umeamkaje? Swali hilo leo siliandiki kwa sababu tulifundishwa kuanza nalo. Nataka jibu.

Nimekaa hapa siku tano. Watu wa hapa ni wema. Asubuhi mama yake Whitney ananisalimu kwa Kimaasai "sopa" na nimejifunza kujibu "ipa" bila kucheka. Chai yao ni maziwa matupu. Lakini kila siku nimekuwa nikiisoma ile barua yako fupi, nikijaribu kujua kama bado una hasira nami.

Leo asubuhi, wengine walipokuwa wakitoa mbuzi zizini, niliisoma tena karibu na dirisha. Jua likapita kwenye karatasi, nikaona madoa. Kuna moja kwenye kona ya chini, mahali kidole gumba kinapokaa mtu akishika karatasi ili isitembee, na mengine madogo pembeni. Hayakuwa machafu. Yalikuwa yanapitisha mwanga. Darasa la sita tulisugua njugu kwenye karatasi kupima mafuta, na doa lilikuwa hivyo hivyo. Nikachukua nyuzi zako kutoka kwenye mfuko, nikazikandamiza kwenye ukurasa wa daftari kwa kiganja, nikauinua dirishani. Doa likawa lile lile. Nikanusa vyote viwili. Ni harufu moja, ya hospitali.

Whitney alikosea, nami nilikosea zaidi kwa sababu mimi ndiye ninayekujua. Mkonge huu haukutoka dukani. Umetoka mikononi mwako, na mikononi mwako kulikuwa na dawa ya kupaka.

Kisha nikakumbuka mengine. Kalamu inayoteleza. Mama Sydney kuketi kusuuza nyuzi, yeye ambaye huwa hataki hata kusuuza kikombe cha mgeni. Wewe kuniambia nisije nyumbani.

Mwaitu, mikono yako ina nini?

Nisamehe kwa ile barua. Sikuwa na haki ya kuiandika.

Whitney sijamwambia kuhusu madoa ya barua. Nimemwambia tu kwamba nyuzi zina mafuta, na yeye akaenda jikoni akaleta pande la magadi, haya wanayowapa ng'ombe na kupikia mahindi. Tukayachemsha, tukaziloweka nyuzi, tukazisuuza mara tatu. Kabla ya hapo tone la maji lilikuwa likikaa juu ya uzi kama shanga. Sasa linanywewa mara moja. Kesho tukirudi shuleni tutapika vyungu vipya, na nadhani vitashika. Kwa hivyo nyuzi zako hazikuwa mbaya. Usiseme tena kwamba ni mbaya.

Nijibu, tafadhali, hata mstari mmoja.

Bintiyo,
Kalunde


Kitengela
Jumapili, 9 Machi 2025

Kalunde mtoto wangu,

Anayeandika ni mimi Nakhumicha, Mama Sydney wako. Usishtuke. Mama yako ameketi hapa mbele yangu kwa kitanda, yuko hai, na ameshaanza kunisahihisha. Anasema niandike anachosema yeye tu. Sawa. Sasa ni yeye.

Kalunde, umeamka vipi. Barua yako nilisomewa jana. Siwezi kukudanganya tena kwa sababu umeshaniona kupitia karatasi.

Mikono yangu ilianza Oktoba, wakati bado uko shule. Kwanza vidole kuwasha, halafu ngozi kupasuka katikati ya vidole, halafu maji kutoka. Ni hayo maji ya dawa ya maua, na miiba, na glavu zikitoboka unangoja wiki mbili kupewa zingine. Ulipokuja likizo ilikuwa imetulia kidogo, ndiyo maana hukuona. (Nakhumicha hapa: uliona. Wewe uliniuliza kwa nini mama anafua na mfuko wa nailoni mkononi, nikakuambia ni baridi. Nisamehe na mimi.)

Januari ilirudi, na nesi wa zahanati akanipa mafuta mazito ya kupaka asubuhi na jioni. Akaniambia nisiguse majimaji, nisiguse dawa, nisiguse utomvu wa aina yoyote. Lakini ulikuwa umeomba mkonge. Na wewe unajua maji ya mkonge yanavyowasha hata mtu mwenye mikono mizima. Nilipaka mafuta mengi sana ndio yazuie, nikakwangua. Sikufikiri yataharibu. Kwa kiondo mafuta hayana neno, uzi unakuwa laini tu na unasokoteka vizuri. Sikujua chungu kinataka uzi mkavu.

(Mimi nilimwambia aache. Akasema tarehe ya maonyesho haingojei. Mama yako ni kichwa ngumu kuliko huo ubao wake.)

Baada ya hiyo Jumapili ilifura mpaka kwa kiwiko. Siku ya maua ilipopita msimamizi aliona, akasema niende nyumbani nitaitwa. Sijaitwa. Ndiyo sababu sikutaka uje. Sikuwa kazini. Nilikuwa hapa ndani, na Mama Sydney ananilisha ugali kama mtoto.

Sasa sikia. Hii usiambie mtu. Si Mwalimu, si mwenzako. Ikijulikana huko Isinya kwamba Kalekye ana mikono mbovu, hakuna kampuni ya maua itaniita tena, hii wala ile nyingine. Na huyo Bwana Ngui wako kila wiki anakunywa chai na msimamizi wetu, nimewaona. Niahidi.

Naomba vyungu vishike. Hiyo tu ndiyo inanifanya nilale.

Ni mamako, kwa mkono wa Nakhumicha.


Shuleni, Kajiado
Jumapili, 16 Machi 2025

Mwaitu mpendwa,

Mikono imeamkaje leo? Kila asubuhi nikifunga kamba za viatu nakuwaza, kwamba hata hilo hungeweza.

Vyungu vilishika, vyote vinane. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu uliliomba. Jana kwenye maonyesho jaji mmoja alikijaza kimoja udongo uliolowa akakishika kwa vidole viwili, na hakikutikisika.

Lakini tumekuwa wa tatu, na wanaoendelea ni wawili.

Nitakuambia jinsi ilivyokuwa. Whitney alitaka tuonyeshe vyungu vizuri tu. Mwalimu Ochola alisema kosa letu ndilo jambo bora zaidi tulilogundua, kwa hivyo tuliweka mezani chungu kilichopasuka kando ya kile kilichoshika. Tukaonyesha nyuzi zilizochomoka na zilizokatika, tukaonyesha tone la maji, tukaonyesha magadi. Majaji waliinama kuangalia. Mmoja, mama mwenye miwani, alitabasamu. Kisha akaniuliza, "Na mafuta yalifikaje kwenye mkonge?"

Nikasema, "Wakati wa kuutayarisha."

"Nani alikuwa anautayarisha?"

"Ulitayarishwa nyumbani."

"Sawa, binti. Kwa nini mtu apake mkonge mafuta?"

Nilikuwa nimekuahidi moyoni. Niliangalia meza. Akangoja sana, nadhani alitaka kunisaidia, kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake na wakasogea kwenye meza ya shule nyingine.

Whitney hakuniongelesha mpaka kwenye basi. Halafu akasema, "Ulijua. Nilikuona usoni, ulijua. Ukasimama tu pale kama mlingoti wa stima." Sasa yuko upande mwingine wa bweni na amerudisha kitabu changu kupitia kwa mtu.

Hilo ningeweza kulivumilia, Mwaitu. Kuna lingine ambalo siwezi.

Bwana Ngui alikuwepo ukumbini. Alikuja mezani kwetu mwishoni, akakigonga chungu kwa ukucha, akasema, "Hii kitu nimeipenda. Wasichana, nitakuja shuleni kwenu Ijumaa ya tarehe ishirini na nane tukubaliane na Mwalimu. Akina mama pale Isinya ni wengi, nitawapa visu na mabati waanze Aprili. Kukwangua mkonge si ni nguvu tu? Ila mwanzo mniambie hayo mafuta yalikuwa ya nini, nisije nikaotesha miche elfu kwenye vyungu vya kupasuka."

Tangu aseme hivyo nawaona wale akina mama. Siwajui majina, lakini nawaona, kila mmoja na kipande chake cha bati, na maji ya mkonge yakiteremka mpaka viwikoni. Wengine wao wanatoka kwenye mabanda yale yale ya maua. Wataenda kwa nesi, watapewa mafuta yale yale, watapaka na kuendelea kukwangua, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Nilianza kazi hii nikifikiri nakutoa kwenye dawa za maua nikupeleke kivulini. Kumbe barua yangu ya kwanza ndiyo iliyokufurisha mkono.

Nimesoma maktabani kwamba majani ya mkonge yanaweza kulowekwa kwenye pipa kama majuma mawili mpaka nyama yake ioze yenyewe, kisha nyuzi zikasuuzwa kwa maji mengi, mtu akiwa na glavu. Hakuna kukwangua jani bichi. Nilimuuliza Mwalimu Ochola. Alisema inawezekana, ila inanuka, na maji ya Kajiado tunayajua. Lakini alisema inawezekana. Bwana Ngui akija naweza kumweleza hayo. Ila atauliza kwa nini asumbuke na mapipa na glavu wakati kisu kinatosha, na jibu la swali hilo ni wewe.

Sijavunja ahadi na sitaivunja. Nakuomba tu uniachilie. Ukisema hapana, nitanyamaza tena tarehe ishirini na nane kama nilivyonyamaza jana, na sitakulaumu.

Bintiyo anayekupenda,
Kalunde


Kitengela
Jumapili, 23 Machi 2025

Kalunde wangu,

Hii naandika mwenyewe. Nilianza jana jioni na sasa watu wametoka kanisani. Mama Sydney alitaka kalamu, nikamwambia hii ni yangu. Amekasirika anaosha vyombo kwa kelele.

Mkono wa kulia umeanza kufunga. Wa kushoto bado. Kazini hawajaniita, na juzi nimesikia wameandika wengine. Sikufichi tena. Hatujui mwezi ujao utakuwa vipi. Mulinge amesema naweza kukaa dukani kwake asubuhi, nisimame tu niangalie, nisishike maji. Tutaona.

Barua yako Mama Sydney alinisomea. Alipofika pale uliangalia meza, aliacha kusoma. Nilimwambia aendelee. Nilifikiri naficha mikono yangu peke yangu. Kumbe nilikuwa nimekushika mdomo, mbele ya watu, mtoto ambaye alikuwa na jibu.

Na usiniambie tena barua yako ndiyo ilinifurisha. Mimi ni mtu mzima. Nilijua mkonge unawasha kabla wewe hujazaliwa. Nilikwangua kwa sababu nilitaka.

Hao akina mama wa Isinya ninawajua mimi. Kuna mmoja anaitwa Kasyoka, tunakata mstari mmoja. Na yeye huwa anaficha vidole kwa leso akila. Nilimwona Januari. Hatukuongea.

Basi waambie. Mwambie Bwana Ngui mafuta yalikuwa ya hospitali, na mikono ni ya Kalekye, aliyekata maua hapo Isinya miaka sita. Mwambie aweke mapipa. Mwambie glavu, na zikitoboka apeane zingine siku hiyo hiyo. Kama atapeleka hiyo habari kwa chai yake na msimamizi, apeleke. Mwambie pia huyo msichana wa Kisemei, kwa sababu alikuwa na haki ya kukasirika. Na umshukuru mama yake kwa magadi.

Kama Bwana Ngui atasema ni hadithi ya watoto, mpe hii karatasi. Hapo chini, karibu na jina langu, nimeweka kidole gumba kikiwa na dawa, nikakandamiza mpaka ikaingia. Hilo doa usilipanguse. Aiinue kwa dirisha aone.

Mamako,
Kalekye